Farasi wa Kwenye Barua

Jumanne saa nne asubuhi Agnetha alikuwa amekaa mlangoni kwake Ipole, ungo mapajani, akichambua maharage, farasi alipoacha lami na kuingia uani. Alikuwa mkubwa, mwekundu kama tofali. Aliposimama alitoa upepo, psss, kama breki za lori la semi likifika kwenye matuta. Matakoni alikuwa na kibao cheupe cha namba. Agnetha alimtazama, kisha akarudisha macho kwenye ungo. Alijua amefuatwa yeye.

Ngollo, fundi baiskeli wa jirani, alikuja na pampu yake mkononi, akamzunguka.

"Mwangaluka," akamwamkia. Farasi hakuitika. "Huyu wa mjini," Ngollo akasema, akarudi kwenye tairi lake.

Mambo yalianzia kwenye barua. Mwezi wa tano, Mathias mfuga nyuki alikuwa kando ya barabara na baiskeli yake, madumu mawili ya asali nyuma. Akagongwa, akafa palepale, na kilichomgonga hakikusimama. Wiki tatu baadaye mjane wake, Apolinaria, akaletewa barua ya Kiingereza kutoka kwa wenye malori. Barua za Kiingereza Ipole nzima husomwa na Agnetha, kwa kuwa alimaliza la saba enzi zile la saba ilikuwa la saba. Akavaa miwani. Maneno mengi yalimpita kama watu wasiomjua. Moja akalitambua, lilikuwa na picha yake ukutani, darasa la tano. Hosi.

"Wanasema amegongwa na farasi wao."

"Farasi?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Na huku chini?"

Huku chini Agnetha hakuambulia kitu. "Wanakupa pole, mwanangu."

Farasi hawaishi Ipole, mbung'o huwamaliza. Lakini karatasi ilikuwa na muhuri. Apolinaria alimwachia Agnetha barua aitunze kwenye Biblia, akaenda kumwambia fundi aandike kwenye msalaba: Aligongwa na farasi.

Mwezi wa nane Agnetha alikwenda Tabora kupimwa macho. Akapita kwa Alifya, mwenye duka la spea, kuomba maji ya kunywa. Dereva mmoja alikuwa kaunta akilalamika kwamba hosi yake imegoma. Agnetha akauliza hosi ndiyo nini.

"Kichwa cha lori, bibi," Alifya akasema. "Kile cha mbele chenye injini. Nyuma ni tela. Vikiungana ndiyo semi."

"Ulidhani anapanda farasi?" dereva akacheka.

Agnetha akatoa barua kwenye Biblia aliyokuwa nayo mkobani. Alifya akasoma hadi huku chini. Wenye malori walisema marehemu alikatisha barabara ghafla. Ndugu wakikataa, wajibu ndani ya siku thelathini. Wasipojibu, wamekubali. Zilikuwa zimepita siku sabini.

Agnetha alirudi na basi, akairudisha barua kwenye Biblia bila kumwambia Apolinaria. Kesho yake ndipo farasi akaja.

Hakuondoka. Mtendaji wa kijiji alinakili namba yake, akasema afadhali wenyewe wamemsajili kama sheria inavyotaka. Mbung'o walitua juu yake, wakateleza kama kwenye rangi ya gari. Kila alasiri Apolinaria alimletea majani. Siku ya kwanza aliona kengele ya baiskeli imenasa kifuani mwake, akaichomoa, akaifunga kwenye pindo la khanga.

"Mnyama hana kosa," akasema, akamkatia majani mengine.

Agnetha alivumilia kusikia hayo siku tisa. Ya kumi akamkalisha Apolinaria kigodani.

"Kitendawili."

"Tega, bibi."

"Farasi wangu hali majani, hana mkia, na anavuta nyumba."

Apolinaria akawaza sana. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa Urambo."

"Nimekwenda Urambo, wamenipokea vizuri, wamenipa na kiti." Akamshika mkono. "Jibu ni kichwa cha lori. Ndicho kilichomuua Mathias. Barua ilisema hosi, mimi nikasema farasi. Na pole hawakukupa. Walikupa siku thelathini za kuwakatalia. Sikujua kusoma, nikaona haya kusema sijui."

Apolinaria akamtazama, kisha akamtazama farasi. Farasi alikuwa anatafuna, anapunga nzi.

"Huyu anakula majani, bibi," akasema taratibu. "Na mkia huu hapa."

"Mwanangu, nakuambia..."

"Umechoka. Wanakuchosha na makaratasi yao. Ulisoma farasi, na farasi amekuja. Nani mwingine hapa angeweza?" Akavua khanga yake ya mabegani, akamfunika Agnetha kama mgonjwa.

Habari zilifika hadi Sikonge. Ijumaa benchi la Agnetha lilijaa: Recheli na mkataba wa tumbaku, Uwesu na barua ya mipaka ya shamba, na wengine waliosimama kwa kukosa nafasi. Agnetha akawaambia Kiingereza chake ni kidogo. Recheli akacheka, akasema wasomi wote ndivyo wanavyojishusha.

Farasi akasogea kidogo kuwapisha watu kivulini. Uwesu akaweka karatasi yake mapajani mwa Agnetha. Kalamu alikuja nayo kabisa, aonyeshwe tu mahali pa kutia sahihi. Agnetha akavaa miwani, akainama sana juu ya karatasi, wasimwone uso.