Kikohozi Kisichofika Kanisani

Nimemeza dawa za TB mara mbili, miezi sita kila mara, na TB yenyewe sikuwa nayo. Makohozi yangu hayakuwahi kuonyesha kitu. Lakini nilikuwa nikikohoa damu, na mwanamke anayekohoa damu nani atamsikiliza? Mama mkwe wangu, Teresa, alimhamishia binti yangu Maurine nyumbani kwake. Nikawa namwona mwanangu wa miaka minne ng'ambo ya ua, kama mtoto wa jirani. Hilo liliniuma kuliko kifua.

Dawa zilipotajwa mara ya tatu, nilikataa. Teresa akanishtaki kwa wazee wa kanisa letu la Roho, hapa Lurambi, wanikemee.

"Huyu anajifanyanga tu," alisema Immaculate, kiongozi wa kina mama, mbele ya watu wote. "Mimi sijawahi kumsikia akikohoa hapa kanisani. Hata siku moja!"

Nilitoka pale kwa hasira, nikamtukana moyoni njia nzima. Halafu, nikiwa nasonga ugali, mwiko ukanisimama mkononi. Immaculate alisema kweli. Kanisani kwetu mwanamke aliye katika siku zake haingii. Hubaki nyumbani mpaka amalize. Na mimi nilikuwa nikikohoa siku zizo hizo.

Sikungoja tarehe ya kliniki. Damu ilipoanza, juu na chini, nilipanda boda mpaka hospitali mjini, nikamweleza Daktari Jerotich yote bila haya. Hakucheka. Alinipiga picha ya kifua siku hiyo, na nyingine wiki mbili baadaye. Doa lililokuwa kwenye ya kwanza halikuwepo kwenye ya pili.

"Navalayo, nyama kama zile za ndani ya mfuko wa uzazi zimeota kwenye pafu lako," alisema. "Hedhi ikija, nazo zinatoa damu. Ni nadra, wengi wetu hatuifikirii. Lakini haiambukizi mtu."

"Rudia hilo la mwisho."

Akarudia. Nikamwomba aliandike, agonge na muhuri.

Dawa alizonipa zimesimamisha hedhi, na sijakohoa damu tangu hapo. Lakini mimi sikungoja kuona hayo. Jioni ile ile nilimtia Teresa barua mkononi, akaisoma mara mbili, midomo ikimcheza. Nikamnyoshea Maurine mikono. Akarudi nyuma, akamtazama bibi yake.

"Kukhu alisema nisikushike."

Teresa alikunja barua.

"Kukhu yako alikosea," akamwambia. "Enda kwa mama yako."

Alikuja mbio. Nikambeba, mzito kuliko nilivyomkumbuka, nikapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.