Viatu vya Zulfa Mlangoni kwa Mfalme

Shangazi Zawadi alishasema hataki Muksini amwoe Zulfa. Watoto wa wenye maduka wa Biharamulo mjini, alidai, heshima yao inaishia kaunta. Na katika ukoo wa Muksini, shangazi akikataa, posa haiendi. Hata baba mtu anafyata mkia. Leo ilikuwa mara ya mwisho kumbembeleza, na Zulfa alilijua hilo.

Basi wakapanda kilima, yeye na Muksini wake, mpaka ikulu ya zamani ya wafalme wa ukoo huo, ambako shangazi ndiye mtunzaji na mpokea wageni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," akajibu shingo upande. "Ingieni muone. Msiguse kitu."

Maskini Zulfa, alitaka asikosee hata kidogo! Mlango wa nyumba ya mfalme ulikuwa mfupi, na sakafu ya udongo imesiribwa ikang'aa. Sasa mtoto aliyelelewa kwenye mikeka atafanyaje? Alivua viatu, akavipanga kizingitini, akaingia peku.

"We binti!" Shangazi alipaza sauti hadi kuku wakatawanyika. "Nani kakwambia uvue?"

"Hakuna, shangazi. Nimeona pasafi tu."

Muksini akashika kichwa. Alisahau kumwambia, mjinga yule! Pale mgeni huingia na viatu vyake, kwa kuwa ataondoka. Anayevua kizingitini ni mke aliyeletwa, amefika kwake.

Alipoelezwa, Zulfa alijuta. Yaani kajifanya mke kabla ya posa, tena mbele ya huyu! Aliona yamekwisha, na machozi yakamtoka.

Shangazi aliinama, akaviokota vile viatu. Zulfa akajua vinatupwa nje, na yeye nyuma yake. Kumbe wapi! Shangazi alivikung'uta vumbi, akaviingiza ndani, akaviweka kando ya ukuta, upande wa wanawake.

"Unalia nini sasa? Kwa amri ya mfalme, vikishavuliwa hapa, hata mimi sina ruhusa ya kuvitoa." Akashusha pumzi ndefu, akakaa chini kwenye mkeka. "Afadhali, mwanangu. Lile neno nililisema kwa hasira, halafu nikakosa pa kutokea. Nimenuna mpaka mashavu yananiuma."

Zulfa alicheka huku analia, kamasi na machozi pamoja, hana hata aibu. Alhamdulillahi! Kifua kilikuwa chepesi.

"Na wewe Muksini, umesimama nini hapo? Kawaambie baba zako wapeleke posa," shangazi alisema. "Waambie ameamua mfalme. Mimi bado nimekataa."