Nusu na Theluthi ya Chapati

Jana Mbeti alimfutisha mjukuu wake Muthoki jibu la hesabu. "Nusu na theluthi? Juu jumlisha na juu, chini na chini: mbili juu ya tano. Usibishane na mkubwa!"

Leo mwalimu alikuwa ameweka alama nyekundu ya kosa. Muthoki hakulalamika. Alikata chapati katikati.

"Susu," alimwambia bibi yake, "hii ni nusu. Nikiongeza theluthi, inazidi ama inapungua?"

"Si inazidi!"

"Na mbili juu ya tano haifiki hata nusu."

Mbeti alihisi uso ukiwaka. Asubuhi alikuwa amemwomba Mungu ampe mtoto huyu utii. Alishindwa kumtazama.

"Nisamehe, mama," Mbeti alimwambia mjukuu wake, macho chini. "Nikikosea tena, nibishie."