Kiboksi cha Mwalimu

Fundi alikiona akiwa amelala chali chini ya pikapu ya shemeji yake, na roho ikamchoma papo hapo. Kati ya giaboksi na difu ya magurudumu ya nyuma, mahali ambapo kwa miaka kumi na minane palikuwa na shafti moja ndefu, sasa palikaa kiboksi kigeni, kisafi, kinang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Shafti ilikuwa imekatwa, ikafupishwa, ikaungwa upya. Akapitisha kidole gumba kwenye maungio akitafuta kasoro. Kasoro hakuna, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Shemeji," aliita kutoka huko chini, akiilainisha sauti. "Nani kakuwekea hiki?"

"Mwalimu," Mvutaji akajibu bila hata aibu. "Ovadraivu hiyo. Gia ya ziada. Nikishamaliza vilima nabonyeza swichi, injini inapumua. Mimi nimekuletea unibadilishie oili tu."

Unibadilishie oili! Mke mkubwa kabakiziwa kufua.

Mvutaji alikuwa mume wa dada yake, na kazi yake ilikuwa kuvuta magari yaliyoharibikia barabara kuu. Pikapu ile ndiyo iliyokuwa jembe la nyumba yao, na tangu ikiwa mpya haikuwahi kuguswa na mkono mwingine ila wa Fundi. Yeye ndiye aliyeifungia difu ya kubebea mizigo. Ikawa na nguvu za ng'ombe, ila kwenye tambarare ilipiga kelele hadi mtu hasikii redio. Kila Mvutaji alipolalamika, jibu lilikuwa lile lile: "Ndivyo magari haya yalivyo." Fundi hakuwa mtu wa maelezo. Yeye ufundi alifundishwa kwa makofi, na aliamini mteja akishajua, harudi.

Halafu akaja huyu Mwalimu, aliyewahi kufundisha chuo cha ufundi, akafungua gereji ng'ambo ya barabara. Mtu hawezi kukaza nati bila hotuba. Wateja wanasimama kumsikiliza kama wako darasani. Mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Fundi akajivuta kutoka chini ya gari, akafuta mikono taratibu.

"Nitakwambia kweli kwa sababu umemuoa dada yangu," alisema. "Kipya kinyemi ingawa kidonda. Hiki kitu hakiwezi mzigo. Tufunge lile gari bovu pale uani, twende mlimani, ujionee mwenyewe. Naendesha mimi."

Mvutaji alimwamini. Miaka kumi na minane alikuwa akimwamini, angeacha leo?

Sasa, Fundi alikijua kile kiboksi fika. Enzi za ujana wake alivifunga kwenye malori hadi akavichoka. Alijua gia ile ni ya tambarare, na kwamba ukipanda mlima na mzigo bila kuizima, injini inakabwa, inagonga, inachemka. Hilo hasa ndilo alilolitaka. Ichemke, Mvutaji aone moshi kwa macho yake, na kabla ya jioni kidude cha watu kiwe kimefunguliwa na kutupwa kwenye chuma chakavu.

Mwanzo wa mlima akakanyaga mafuta. Swichi ilikuwa imewaka.

"Shemeji, zima kwanza," Mvutaji akasema.

Fundi akajifanya hamnazo. Pikapu ikapunguza mwendo, ikaanza kutetemeka, gari bovu likining'inia nyuma. Mshale wa joto ukapanda. Injini ikawa inagonga kama mtu aliyefungiwa nje.

"Shemeji! Utaniulia gari!"

Mvutaji akanyoosha mkono, akabonyeza swichi mwenyewe. Injini ikakohoa, ikashika, na mzigo ukafuata kwa utiifu hadi kileleni. Huko Fundi akaegesha, akazima gari.

Mvutaji akageuka kumtazama. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Hilo la kuzima," aliuliza, "ulikuwa unalijua?"

Fundi akayapima majibu yake mawili. Akisema alijua, basi alitaka kuichoma riziki ya dada yake kwa wivu, wivu mtupu usio na jina jingine. Akisema hakujua, basi yeye ni fundi gani? Mzigo gani kati ya hiyo miwili mtu anaweza kurudi nao nyumbani? Alitazama mikono yake juu ya usukani, kucha nyeusi za miaka thelathini ya kazi.

"Sikujua," alisema.

Mvutaji akashusha pumzi, uso ukamfunguka.

"Afadhali! Maana nilishaanza kukuwazia mabaya, Mungu anisamehe. Sasa sikiliza, shemeji, si kitu kigumu. Hata mimi sikukielewa siku ya kwanza."

Akaanza kuchora kwa kidole kwenye vumbi la dashibodi. Hapa injini, hapa magurudumu. Alieleza polepole, kwa maneno ya Mwalimu na kwa mikono ya Mwalimu, hata kule kuinua nyusi kabla ya neno muhimu. "Kiboksi chenyewe kinakaa hapa mbele, kati ya injini na giaboksi," alisema, akachora duara mahali pasipo pake kabisa. Fundi akang'ata ulimi. Tambarare, unawasha. Mlima na mzigo, unazima. Huwashi kwa pupa, wala huzimi kwa pupa.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Hebu rudia."

Fundi akatazama mbele, kwenye barabara ndefu iliyoteremka bondeni. Kisha akaweka kidole kwenye vumbi, akarudia somo lote tangu mwanzo, na duara akalichora palepale alipolichora shemeji yake.