Ritifaa ya Ng'ombe

Familia ya mumewe ilimpachika jina la Bibi Nukta tangu siku alipowaeleza mezani kwamba nukta moja ikikaa vibaya inaweza kuangusha tovuti nzima. Walicheka mpaka mkwewe akapaliwa na maji. Jina likamganda, naye hakulichukia. Ndiye aliyeitengeneza tovuti ya maktaba ya mji, na kazi ile aliionea fahari kama mtu aliyejenga ghorofa.

Mkutubi wa maktaba hiyo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke wa miwani ya kamba na ulimi usio na breki. Jumanne asubuhi alimpigia simu.

"Wifi, ile fomu yako ya kuomba vitabu inaganda. Njoo uione kabla sijaitupa dirishani."

"Haigandi. Tatizo litakuwa wifi."

"Wifi gani? Mimi, au ile yenye taa ukutani?"

Bibi Nukta alifika akiwa na mkoba wake begani. Mbele ya meza ya Mkutubi alikuwa amekaa mfugaji mmoja, mzee wa buti za mpira, ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amekuja kuomba kitabu, na hii ilikuwa mara yake ya tatu.

Bibi Nukta akaketi kwenye kompyuta, akaandika "Hadithi za watoto", akabonyeza. Ombi likapita papo hapo.

"Unaona?"

Mkutubi akavuta kibodi, akanakili kutoka kwenye karatasi ya mfugaji, akabonyeza. Ukurasa ukatulia tuli. Hata kishale kikagoma kucheza. Baada ya muda kompyuta ikauliza kama wangependa kuendelea kusubiri.

"Una mkono mzito, wifi," alisema Bibi Nukta.

"Kaka yangu alinionya kwamba hujui kusema samahani."

Basi Bibi Nukta akaanza kutafuta mchawi. Alizima na kuwasha kile kisanduku cha ukutani. Alizipunguza picha za ukurasa wa mbele, akaona hazitoshi kulaumiwa, akailaumu kompyuta kwa uzee. Mkutubi alimletea kompyuta mpya ya ofisi ya mkuu wa maktaba. Nayo ikaganda vilevile. Mfugaji akakohoa.

"Mama, mbona wewe ukiandika vyako vinapita, ila changu ndicho kinakwama? Kwani kitabu changu kina nini?"

Bibi Nukta akaichukua ile karatasi kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi za kalamu ya risasi: *Utunzaji na ulishaji bora wa ndama wachanga wa ng'ombe.*

Akaandika neno moja tu, "Ng'ombe". Fomu haikuganda. Ilijibu haraka, kwa wino mwekundu: *Jina la kitabu si sahihi.*

"Ala!" alisema Mkutubi. "Ng'ombe si sahihi?"

Bibi Nukta akaivuta kibodi. Aliandika kipande cha mwisho cha jina, akakitazama kikikataliwa, kisha akawa anaongeza herufi moja moja mwanzoni huku akiangalia saa. Sekunde mbili. Nne. Nane. Kumi na sita. Alihisi masikio yakipata moto.

"Ni mimi," alisema.

"Sijasikia vizuri, wifi. Rudia kwa sauti."

"Ni mimi! Kuna mstari wa kukagua maandishi, niliuokota mtandaoni. Aliyeuandika nadhani lugha yake haina ng', kwa hiyo ritifaa, hicho kialama cha juu, hakuiruhusu."

"Basi si ikatae tu? Mbona inazimia?"

"Kwa sababu mstari wenyewe unasema: soma herufi kadhaa, nafasi ya kutenganisha maneno ikiwepo sawa, isipokuwepo sawa, kisha rudia. Kwa hiyo 'wachanga' inaweza kulisoma zima, au 'wacha' na 'nga', au 'wa' na 'changa'. Ikifika kwenye ritifaa inakwama, inarudi nyuma, inajaribu kukata kwingine. Haitasema hapana mpaka imalize njia zote, na kila herufi inazizidisha maradufu."

Mfugaji akatikisa kichwa. "Nina shemeji wa namna hiyo."

Bibi Nukta akaurekebisha mstari pale pale. Ritifaa ikaruhusiwa, na kati ya neno na neno nafasi ikawa ya lazima, ili mashine isipate upenyo wa kuchezea mkasi. Mkutubi akaandika tena jina lote. Ombi likapita kabla hajainua kidole. Kisha, kwa ukorofi wake, akaandika jina refu kuliko yote aliyoweza kubuni, akalimalizia kwa alama ya mshangao. Likakataliwa papo hapo.

Alipaswa kufurahi, lakini alivua miwani.

"Wifi, hiyo fomu ina miezi minane. Ndani ya miezi minane sijapata ombi hata moja la kitabu cha ng'ombe. Nikamwandikia mkuu ripoti kwamba watu wa mji huu hawapendi kusoma ufugaji wa ng'ombe. Tukalifunga kabati zima, tukalishusha stoo."

"Mimi nilidhani mmevichoma," alisema mfugaji.

Bibi Nukta akafumba macho. "Samahani," alisema. Alimwambia mfugaji kwanza, kisha wifi yake.

Mkutubi alikuwa amekwisha kuchukua funguo. "Imepokelewa. Maboksi ni kumi na moja, na ngazi unazijua. Mimi mgongo wangu, kama unavyofahamu, ni wa ofisini."

Bibi Nukta akavua viatu vyake vya visigino, akaviweka chini ya meza. Mfugaji akainuka amsaidie, naye akamwomba abaki amekaa, amesubiri vya kutosha. Boksi la kwanza alilipandisha akihema, akalitua mbele yake. Mzee akapekua, akatoa kitabu kimoja cha jalada la kijani, akapuliza vumbi na kuanza kusoma ukurasa wa kwanza hapo hapo, midomo ikicheza.