Ile Yenye Ndugu Yangu Aliacha

Bénédicte alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, akatia gia ya kwanza, kisha akaachia klachi polepole kama fundi alivyomwambia. Assani, fundi mwenyewe, alikuwa ameinama mbele ya boneti iliyo wazi, macho hayabanduki kwenye injini. Gari likatetemeka. Mara injini ikaruka upande mmoja, ikagonga chuma na kurudi mahali pake kwa kishindo, na Assani akarudisha kichwa haraka.

"Zimisha," akasema. "Silambloki zote mbili ilisha kufa."

Silambloki ni zile raba zilizoshikana na chuma, ambazo injini huzikalia ili isitikise gari zima. Assani alichomeka bisibisi kwenye ile ya kushoto, ikapita mpaka ng'ambo. Raba ilikuwa imelowa mafuta na kulegea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Sasa Bénédicte alielewa kwa nini gari lilikuwa likigonga kila linapoondoka, na kwa nini feni ilikwangua rejeta siku alipokuwa akitoka Marabo na magunia ya maharagwe. Hizo silambloki zilikuwa za tangu enzi za mumewe. Injini yenyewe alikuwa ameibadilisha, hizo raba tu alizisahau.

Mpya alikuwa nazo tayari, ndani ya kikapu. Assani alipitisha mnyororo wa palani ya kuinulia mizigo juu ya boriti ya gereji, akaifunga injini, akaivuta mpaka ikaacha kulalia raba zake. Gereji yake hapo Saio, mtaa wa Bunia, haikuwa na mlango wala ukuta wa mbele, kwa hiyo kila mpita njia aliona gari la Mama Jemima, kama mtaa mzima ulivyomwita Bénédicte, limetoa ulimi.

Gustave naye aliliona.

Huyu Gustave alikuwa mdogo wa marehemu Blanchard, mume wa Bénédicte. Blanchard alipokufa, gari lilikuwa limelala uani juu ya matofali, injini imekwama, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Matanga yalipokwisha, ndugu wa mume waligawana kila kitu: kitanda, redio, hata makoti. Gari hakuna aliyelitaka. Gustave alilipiga teke gurudumu mbele ya watu, akasema hiyo ni maiti, na kwamba maiti moja kwa familia inatosha. Watu walicheka. Bénédicte hakucheka, wala hakusahau.

Akauza cherehani yake na mbuzi wake. Akaenda Iga Barrière, akapata injini nzima kwenye gari lililopinduka, akairudisha Bunia juu ya lori huku ameikumbatia ili isiviringike. Assani ndiye aliyeifunga. Tangu siku hiyo Bénédicte alikuwa akienda Marabo mwenyewe, akibeba maharagwe na mihogo, na watoto wake wakawa wanakula na kusoma bila kumwomba mtu. Hapo ndipo Gustave alipokumbuka kwamba alikuwa na kaka. Gari lililokuwa maiti likageuka urithi, ndugu wakakaa kikao bila kumwita mjane, na uamuzi ukatoka: gari lirudi kwenye familia.

Sasa Gustave alikuwa amesimama pale gereji, shati limepigwa pasi, nyuma yake wanaume wanne wa kusukuma. Alikuwa pia amemleta mzee Donatien, shefu wa avenue yao, yaani kiongozi wa mtaa, awe shahidi. Hakumsalimu Bénédicte. Alimwambia Assani aache kazi yake mara moja na kuishusha injini, kwa sababu gari linaondoka leo hii.

Bila gari hili hakukuwa na Marabo, wala soko, wala karo ya watoto. Bénédicte alimgeukia shefu akamweleza hayo yote. Shefu Donatien alikuna shingo. Alisema mambo ya familia humalizwa na familia, yeye amekuja kusikiliza tu. Lakini alipoona kikapu chenye silambloki mpya, aliuliza hizo ni za nani. Bénédicte akajibu ni zake. Basi, akasema shefu, ingefaa Gustave amfikirie kidogo mjane, maana huenda kuna vitu vyake humo ndani ya gari.

Kama Gustave angeitikia tu kwa kichwa, hadithi ingeishia hapo, na Bénédicte angerudi nyumbani kwa miguu akiwa na kikapu chake. Lakini Gustave hakuwa mtu wa kushinda bila kumtemea mate aliyeshindwa. Akacheka. Akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba huyu mwanamke aliingia kwa kaka yake na sahani mbili, sasa anajifanya mwenye mali.

"Shefu, sitaki hata kitu yake moja," akasema. "Hata vis moja ya kufungia. Mi nataka tu ile yenye ndugu yangu aliacha."

Bénédicte alimtazama, na hofu yake ikaanza kugeuka moto taratibu. Alimchukia mtu huyu kwa moyo wake wote, na kwa mara ya kwanza chuki hiyo ilimfaa kitu.

"Shefu, ulisikia?" akauliza.

"Nilisikia."

"Aseme tena."

Gustave akasema tena, maneno yaleyale, tena akayapandisha sauti. Shefu akamwuliza kama hilo ndilo neno lake la mwisho. Akasema ndilo, yeye si mtoto.

"Basi Assani," akasema Bénédicte, "tosha moteri yangu ndani ya gari."

Assani alimtazama kwanza mama, kisha shefu, kisha akaokota spana. Hakuwa na sababu ya kubishana. Aliyemlipa kazi ya kuifunga injini hiyo alikuwa amesimama mbele yake. Akamwaga maji ya rejeta, akafungua nyaya na mipira, akaitenganisha injini na gia boksi. Gia boksi ilikuwa ya Blanchard, Bénédicte akasema ibaki. Betri ilikuwa yake, ikatoka. Gustave alipaza sauti kwamba huo ni wizi, injini ni ya gari, akamtaka shefu aseme neno. Shefu Donatien akatikisa kichwa.

"Weye mwenyewe ulisema. Mara mbili."

Palani ikalia, injini ikapanda na kutoka kwenye gari, ikabaki ikining'inia hewani, mafuta yakidondoka mchangani. Watu walikuwa wamejaa barabarani. Bénédicte hakuishia hapo. Akawaonyesha wanaume wa Gustave nyuma ya gereji, penye majani marefu, ilipolala injini ya zamani, ile iliyokwama, imejaa kutu na kinyesi cha kuku. Hiyo ilikuwa ya Blanchard, akawaambia, na hangependa familia ikose chochote.

Wale wanne waliibeba wakitukana, wakaitupa kwenye buti. Gari likakaa kwa makalio, pua ikatazama juu. Mmoja akacheka, halafu umati wote ukacheka, na kicheko hicho kilikuwa na maneno ndani yake, kwa sababu wengi wao walikuwapo siku ile Gustave alipolipiga teke gurudumu. Gustave aliingia nyuma ya usukani akitoka jasho, nalo shati lake limegandia mgongoni. Kukataa sasa ingekuwa kumeza neno lake mbele ya Saio yote.

Kabla hawajaanza kusukuma alitoa kichwa dirishani. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Mama Jemima. Rudisha ile moteri. Tutaongea polepole, siye wenyewe, kama ndugu."

Bénédicte alisogea mpaka dirishani. Ndani aliona kiti alichokuwa akikalia, na kitambaa alichokishona mwenyewe kufunika mpasuko, na alijua kwamba kesho atapanda juu ya lori la watu kwenda Marabo, na keshokutwa pia, na hajui mpaka lini. Moyo ulimuuma. Lakini alimwona pia huyu mtu mwenye uso ulioiva kwa hasira na aibu, na hakutaka kumpunguzia hata kidogo. Akamwekea mapajani, juu ya suruali safi, zile silambloki mbili zilizokufa, bado zinatoka mafuta.

"Kamata. Nilikuwa ninasahau hizi," akasema. "Ni za ndugu yako."

Wakamsukuma Gustave. Gari liliteremka polepole kwenye matope, pua juu, na watu wakawapisha njia. Assani akauliza injini aishushe wapi, maana mnyororo hauwezi kukaa hivyo muda mrefu.

"Iache kwanza pale," akasema Bénédicte. "Aione mpaka afike kwa kona."