Vifungo vya Shaba

Kiwanda cha nguo kilipouzwa, fundi mfumaji mmoja alikataa kuuzwa pamoja nacho. Sare mpya ya kampuni aliivaa, maana hakuwa mkorofi, ila kwanza alimwomba mkewe aving'oe vifungo vya plastiki na kushonea vile vya zamani, vya shaba, vyenye nembo ya taifa. Wenzake wakambandika jina la Mzee Vifungo. Meneja alimwonya, akamwonya tena, kisha akamfukuza bila hata kumsikiliza.

Alichokitaka ni kurudi kwenye mtambo wake. Enzi za Shirika, kiwanda kilipokuwa mali ya serikali, ukumbi wote ulitikisika kwa mpigo mmoja, na kwa kuwa hakuna sauti ya mtu iliyofua dafu mbele ya kelele ile, wafumaji walisemezana kwa midomo tu. Walitaniana hivyo, wakaposana hivyo. Vumbi la pamba liliwatia mvi wote, vijana kwa wazee, na katika kumbukumbu zake hakuna aliyekohoa. Kumbukumbu zina adabu hiyo.

Akamwita nyumbani mpwa wake, binti wa dada yake, aliyekuwa wakili.

"Nataka Mahakama Kuu iwaamuru wale wanirudishe. Kama alivyorudishwa yule karani wa manispaa."

"Mjomba, manispaa ni mamlaka ya umma. Amri ile ndiyo kazi yake, kuzibana mamlaka. Wewe umefukuzwa na kampuni binafsi."

"Binafsi tangu lini? Jengo si lile lile?"

"Hatulishitaki jengo. Kampuni binafsi huguswa na amri hiyo ikiwa inatekeleza jukumu la umma."

"Tunauvika umma!"

"Hata muuza mitumba anauvika, Mjomba. Twende mahakama ya kazi."

"Huko si kwa watu wa kampuni? Mimi ni mtu wa serikali. Tazama vifungo hivi."

"Si ndivyo vilivyokuponza?"

"Mwambie, mwanangu," mkewe alidakia. "Mimi nimechoka kuishona jamhuri kila inapokatika uzi."

Hakuambilika. Ombi likapelekwa Mahakama Kuu, naye akakaa mbele ya jaji akiwa amevisugua vifungo vikang'aa. Jaji aliuliza jambo moja tu: serikali ina hisa yoyote katika kampuni hiyo? Wakili akajibu kwamba haina. Ombi likatupwa, kwa lugha ya heshima. Mgogoro wa mtu na mwajiri binafsi, jaji alisema, una mahakama yake, nayo ikiridhika yaweza kuamuru arudishwe kazini.

Basi akaenda mahakama ya kazi, mpwa wake ubavuni. Karani wa dirishani aliinua kalamu.

"Mwajiri wako nani, mzee?"

"Shirika."

"Lilishavunjwa hilo."

"Najua lilishavunjwa," alisema. Mpwa wake akageuka kumtazama. Neno hilo hakuwahi kulisikia kinywani mwa mjomba wake.

"Sasa tunamshitaki nani?" karani aliuliza.

Jina la kampuni mfumaji hakuwahi kulitamka. Nyumbani aliwaita "wale". Alikishika kifungo cha juu, akalitamka.

Karani alisubiri, kalamu ikiwa hewani. "Sijasikia, mzee."

Alikuwa amelitamka kwa midomo tu, kama ukumbini. Akakohoa kidogo, akalirudia kwa sauti.